Ruhusa ya Siku Ishirini na Nane

Alhamisi jioni Melkizedek alikaa mezani, akalifungua daftari la hesabu la binti yake Ida kwa upande wa nyuma, akaanza kupanga saa. Kutoka kijijini hadi Mikumi aliandika saa mbili, kwa kuwa masika ilikuwa imeila barabara. Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni, saa mbili. Mlima Kitonga, saa moja, pamoja na kusimama kupoza injini. Kutoka hapo hadi Iringa, saa mbili. Jumla saba. Alipiga mstari chini ya saba, kisha akapiga wa pili, kama alivyofundishwa shule ya misheni.

Saa zilihitaji kupangwa. Mwaka huo mafuta yalikuwa yakibanwa nchi nzima, na gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumamosi yeye alikuwa kazini, akisomba mbegu kwenye shamba la serikali Kilangali. Jumatatu jioni walitarajiwa Tukuyu kwa mkwewe, mzee Lupakisyo, ambaye hakuwa amemwona mwanawe Katarina tangu aolewe, na ambaye alikwisha kuandikiwa barua. Kwa hiyo wangeondoka Jumapili saa kumi na moja alfajiri, waingie Iringa saa sita, walale, kesho yake wamalizie.

Gari lilikuwa Landrova kuukuu. Alikuwa amelinunua mnadani bila injini, akaliunda upya kwa miaka miwili, kifaa kimoja kimoja. Kijijini hapakuwa na mwingine mwenye gari. Melkizedek hakulisema hilo. Alilipaka rangi ya kijani, akaliegesha mahali ambapo kila aendaye kisimani lazima alipite.

Juu ya meza kilitundikwa cheti chenye mhuri, ndani ya fremu ya mninga. Kilisema kwamba Melkizedek ni dereva ambaye hajawahi kuchelewa.

Jua lilipozama mama yake, Perpetua, aliingia, akakaa kizingitini, mahali pake. Perpetua alikuwa amekufa kwa kifua miaka miwili nyuma, wakati kijiji kikisubiri zahanati, na tangu matanga yake yaondolewe alikuwa akija kila magharibi, akikaa mpaka taa iwashwe. Ida alimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama kuku mwekundu ameanza kutaga. Katarina akamsogezea kigoda, ingawa hakuwahi kukikalia.

"Mnaondoka saa ngapi?" Perpetua akamuuliza mwanawe.

"Saa kumi na moja alfajiri, mama."

Perpetua alikung'uta vumbi kwenye pindo la kanga yake.

"Tena?" akasema.

Melkizedek akaweka kalamu chini.

Watu wote wa kijiji hicho walitoka mlima Kihelelo, upande wa machweo wa barabara ya Mikumi. Waliteremshwa kwa lori alfajiri moja, katika mwaka ule wa kuhamia vijijini, wakakuta viwanja vimepimwa kwa kamba. Kwenye kibao kijiji kiliandikwa Maendeleo. Wenyewe walikiita Mistari. Lori lililowateremsha liliendeshwa na Melkizedek, kwa kuwa njia aliijua. Aliambiwa saa kumi na moja, na saa kumi na moja alipiga honi mara tatu.

Sasa, watu wa Kihelelo hawaondoki hivyo. Mwenye safari humimina unga wa mtama jioni kwenye kaburi la mkubwa wake, ukasimama kama kichuguu, akaufunika kwa ungo, akaenda kulala. Kukipambazuka hufunua. Ukiwa umesimama, waliotangulia wamekubali, atakwenda. Ukiwa umelala, atafungua mzigo. Wakatoliki walifanya hivyo na Waanglikana walifanya hivyo, na padri mwenyewe, ambaye alisafiri sana, aliwahi kuonekana akiuliza pembeni unga wake umesemaje.

Jioni ile ya mwisho Perpetua alimimina wake kwenye kaburi la mumewe, Makarius. Lakini unga hausomwi gizani. Honi ilipolia mara ya tatu alikuwa bado ameketi kaburini akingoja mwanga, na watu wawili wakamnyanyua, huyu huku na yule kule, wakampakia. Lori likaondoka kwa wakati. Nyumba zilichomwa kabla jua halijapanda, mtu asipate pa kurudi. Cheti cha kwenye fremu ya mninga kilitolewa kwa kazi hiyo.

"Na mimi nakwenda," Perpetua akasema. "Mtanishusha njia panda ya Kihelelo. Nina unga wangu kule sijausoma. Baba yako naye yuko peke yake."

"Sawa, mama."

"Na sitaondoka usiku. Mimi si mwizi."

Melkizedek alitazama mistari yake miwili. Wakiondoka kukishakucha, hesabu ingewafikisha Iringa saa nane kamili, kama hakuna pancha, kama tembo wa Mikumi watapisha, na kama hakuna mtu wa kushuka njiani. Akafunga daftari bila kufuta kitu. Katarina alikuwa ameona. Alimwambia tu kwamba baba yake, mzee Lupakisyo, ni mtu wa kukaa barabarani na saa mkononi tangu mchana, kwa hiyo afikirie vizuri.

Ijumaa alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Kasiani, kuomba barua za ruhusa. Bila barua mtu hakuweza kukosa zamu kwenye shamba la ujamaa. Kasiani aliandika ya Katarina, akaandika ya Ida, akauliza kama ni hao tu.

"Na mama," Melkizedek akasema.

Kasiani alivaa miwani, akafungua daftari la kijiji. Lilikuwa na watu mia tano na nane. Hakuna aliyewahi kufutwa kwa sababu ya kufa, kwa kuwa zahanati iliahidiwa kwa kijiji chenye watu mia tano, na jiwe la msingi lilikwisha kuwekwa. Akateremsha kidole mpaka kwa Perpetua.

"Mama yako, ndugu Melkizedek, hajapalilia pamba misimu miwili."

"Alikuwa kaburini."

"Hilo limeandikwa." Kasiani alifikiri, akaona kwamba mtu ambaye hajawahi kuchukua likizo ana haki nayo kama mfanyakazi mwingine yeyote. Akaandika: siku ishirini na nane, kisha arejee kijijini.

Hapo Melkizedek akasema neno alilokuja nalo tangu nyumbani. Aliomba mama yake apewe barua ya kuhama kabisa, ili mifupa yake ipandishwe Kihelelo ikalale na mumewe. Kasiani alivua miwani. Yeye pia alizaliwa Kihelelo, na baba yake alizikwa kule.

"Kihelelo haimo kwenye daftari," akasema. "Kwa maandishi, hakuna mtu kule na hapajawahi kuwa na mtu. Ruhusa ya kutoka naweza kumpa. Mahali pa kwenda siwezi kumpa."

Palipoandikwa "mahali aendako" akajaza Mikumi, akagonga mhuri.

Jumamosi jioni Perpetua hakuja kukaa kizingitini. Ida, aliyekuwa akirudi kisimani, alimwona makaburini akiinama juu ya kaburi lake mwenyewe na unga kwenye kiganja. Makaburi ya kijiji nayo yalipangwa kwa kamba. Lake lilikuwa mstari wa tatu, namba kumi na nne. Aliufunika unga kwa ungo ulioazimwa, akauwekea jiwe juu.

Jumapili saa kumi na moja Landrova ilikuwa imepakiwa. Majirani walikuwa wameleta vifurushi vyao vya kupelekwa Mikumi na Iringa, na salamu zisizo na kifurushi. Ida alivaa viatu. Katarina alikaa mbele na kikapu cha mayai magotini. Saa kumi na mbili ikapita. Jogoo wakawika mpaka wakachoka, mashariki ikawa nyekundu, na Melkizedek alikuwa nyuma ya usukani, mikono juu ya mapaja.

"Baba Ida," Katarina akasema taratibu, "si umpigie honi basi, ajue tuko tayari."

"Honi hiyo nilishaipiga," akasema Melkizedek.

Watu waliokwenda kisimani walisimama kando ya gari, nao wakangoja. Wengi wao walikuwa kwenye lile lori.

Saa moja kasorobo, jua likiwa limetoka zima, Perpetua alikuja akipita katikati ya mistari ya nyumba. Alikuwa amechana nywele. Alivaa gauni lake la Pasaka na kanga mbili, na barua ya ruhusa ameikunja mkononi kwa namna ambayo mhuri ulionekana. Alitembea katikati ya njia, kama bibi harusi, na watu wakamwamkia mmoja mmoja, naye akaitikia wote bila haraka.

"Unga umesimama," akasema. "Tunaweza kuondoka."

Melkizedek alishuka, akamfungulia mlango, akamshika mkono kumpandisha. Mkono ulikuwa mwepesi na wa baridi kidogo, kama mtungi wa maji. Kisha akawasha gari. Saa yake ilisema saa moja kamili.

Njia panda ya Kihelelo walifika saa mbili na robo. Kusoma unga ni kazi ya mwenye kuumimina na mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo Katarina na Ida walibaki garini, na Melkizedek akapanda mlima nyuma ya mama yake. Njia ilikuwa imefungwa na nyasi, lakini mbele yake zilikuwa zikilala. Juu walikuta nguzo nyeusi zimesimama mbili mbili, na mlangoni kwao mafiga matatu bado yapo. Mgomba wa nyuma ya nyumba ulikuwa umezaa na hakuna aliyekata.

Kaburi la Makarius lilikuwa na ungo juu yake. Masika tatu zilikuwa zimeunyeshea ungo huo, na ulikuwa mkavu. Perpetua alipiga magoti upande mmoja, Melkizedek upande wa pili. Wakaufunua pamoja.

Unga ulikuwa mweupe kama wa jana. Ulikuwa umelala. Haukuwa na njia ya sisimizi wala alama ya panya. Ulilala sawasawa, kutoka ukingo hadi ukingo, kama uliotandazwa na mkono mpana, na Melkizedek aliujua mkono huo, kwa sababu ndio uliomfundisha kulima.

Mama yake aliutazama kwa muda mrefu.

"Walikataa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wote wale waliniambia mimi mzee mkaidi. Nilikuwa nangoja jibu tu." Akainuka, akanyoosha gauni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi kubwa bila wakili. "Basi sikuwa na kosa."

Melkizedek alitaka kusema jambo kuhusu honi. Alifungua kinywa, na lililotoka ni kwamba angeweza kukata zile ndizi, ziharibike bure kwa nini. Perpetua akamwambia azikate, ampelekee mkwewe mkungu mzima, na amwambie zimetoka Kihelelo, alitamke jina lote. Kisha akamwambia ateremke, watu wanamngoja. Yeye alikaa kando ya kaburi la mumewe, akavua viatu. Likizo yake ilikuwa imeanza.

Saa nane kamili walikuwa chini ya mlima Kitonga. Melkizedek aliegesha kando, akazima injini, akaweka mawe kwenye magurudumu. Walilala humo ndani mpaka Jumatatu alfajiri, wakala mayai yote. Tukuyu walifika usiku, wakamkuta mzee Lupakisyo bado yuko barabarani na taa.

"Barua ilisema jioni," mzee akasema, akiitikia shikamoo yake. "Nami niliambiwa mkwe wangu hachelewi."

"Nilikuwa namngoja mama, baba," Melkizedek akajibu, na akalisema wima, kama anayesoma cheti. Kisha akateremsha mkungu wa ndizi, akasema zimetoka Kihelelo. Mzee aliuliza Kihelelo ni wapi. Akaelezwa, kwa kirefu, mpaka chakula kikapoa.

Walirudi mwisho wa siku ishirini na nane. Jumapili asubuhi, saa nne na nusu, Landrova ilifika njia panda, ikamkuta Perpetua amekwisha kusimama kando ya barabara, viatu mguuni, barua mkononi. Hakuna aliyempigia honi. Alipanda mwenyewe. Alisema Makarius anawasalimu, na kwamba mtu akipata bati mbili ampelekee, kule juu kunavuja. Njia yote alikaa wima akitazama mbele, na walipopita watu alipunga mkono.

Kijijini, jiwe la msingi la zahanati lilikuwa mahali pake, mbuzi amelala juu yake. Kasiani alipokea barua, akaandika "amerejea", akarudisha jina la Perpetua kwenye zamu ya pamba. Idadi ilibaki mia tano na nane.

Jua lilipozama Perpetua alikaa kizingitini. Ida akamwamkia. Melkizedek alilileta lile daftari la hesabu, akafungua ukurasa mpya nyuma, akashika kalamu.

"Mwakani tunaondoka saa ngapi, mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Perpetua, hai au maiti, kuulizwa swali hilo na mwenye gari, naye aliliacha likae hewani kidogo, jirani wa mstari wa pili naye alisikie.

"Nitawaambia," akasema.

Kisha akainuka kabla taa haijawashwa, akajifunga kanga vizuri, akaenda mstari wa tatu, namba kumi na nne.