Machozi ya Chumba cha Nane

Jumatatu saa nne asubuhi Mzee Toroli alifika kwenye korido ya wagonjwa na boksi moja la dawa, akakuta milango yote kumi na miwili imepakwa rangi nyeupe na haina vibao. Wiki ile walikuwa wanakuja wakaguzi, na Mganga Mkuu alikuwa ameagiza vibao vibanduliwe ili rangi ikae vizuri. Boksi liliandikwa: chumba cha nane, haraka. Utaratibu wa hospitali ulikuwa mmoja tu. Dawa inashushwa kwenye mlango wenye kibao. Pasipo kibao, inarudi stoo. Mzee Toroli alikuwa na miaka kumi na tisa ya utaratibu mgongoni. Akageuza toroli, akarudi stoo.

Mkewe alikuwa amelazwa chumba cha tatu. Saa tatu walikuwa wamemhamishia cha nane, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mbeba dawa. Saa kumi jioni akakata roho.

Angeweza kuhesabu milango. Mtoto wa chekechea anafika nane na chenji inabaki. Hilo ndilo alilokwenda nalo mazishini, akasimama macho makavu kama vigae, mpaka mawifi wa marehemu wakanong'ona kwamba ndugu yao ana roho ya jiwe. Lakini kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimejaa maji. Alikuwa analia kwa kisigino.

Baada ya arobaini akaenda kwa binti wa maabara, akavua kiatu. Binti akachukua uchafu kidogo wa kope, akauweka chini ya hadubini, akatazama bila haraka.

"Baba, seli zako hazina kosa. Zinatengeneza machozi, zinayafunga kwenye vifuko vidogo, kila kifuko na alama ya kinakokwenda. Kinabebwa juu ya nyuzi, hatua kwa hatua, mpaka ukuta wa upande wa jicho. Pale ukutani kuna kitu cha kukidaka. Kikidakwa, kinaungana na ukuta, kinafunguka, chozi linatoka."

"Sasa langu?"

"Lako, pale jichoni hakuna kinachodaka. Kwa hiyo vifuko vinaendelea na safari mpaka vinapopokelewa."

"Nani kakibandua?"

"Huko ndani hakuna mkuu, baba."

"Ndiyo maana havirudi stoo," akasema, akavaa kiatu chake.

Mwezi uliofuata vifuko vikaanza kutoka kisiginoni vikiwa vizima, kila kimoja ukubwa wa harage, ngozi laini, maji ndani. Vilishuka sakafuni, vikashika mstari wa saruji kati ya vigae, vikatembea. Milango bado haikuwa na vibao; wakaguzi walikuwa wamekuja wakasifu rangi, wakaondoka. Vifuko vilipita milango saba bila kusita, vikafika wa nane, vikaingia chini yake mpaka kwenye mguu wa kitanda alichofia mkewe. Hapo vikapasuka.

"Shemeji, leo umenilowesha mpaka ndala," mfagiaji akamwambia. "Lia, lakini lia kwa mpango. Tambara lenyewe ni moja."

"Nisamehe, shemeji."

"Hata. Afadhali wewe unajua unakopeleka."

Ndipo lilipokuja boksi lingine la chumba cha nane, haraka. Mzee Toroli akafuata vifuko vyake, akabisha, nesi akapokea, akasaini. Mgonjwa, fundi cherehani mwenye watoto watatu, akaenda nyumbani Ijumaa kwa miguu yake.

Mganga Mkuu akamwita ofisini.

"Mlango haukuwa na kibao. Nani alikuonyesha chumba?"

"Machozi."

Mganga Mkuu akaandika machozi kwenye fomu bila kuinua kichwa. "Machozi si kibao, mzee. Hii ni barua ya onyo. Nashangaa, maana ile Jumatatu ulifanya vizuri sana. Nimeona kwenye faili: dawa ilirudishwa kwa kufuata utaratibu."

Mzee Toroli akaipokea barua. Kiatu kikajaa.

Kesho yake akapewa boksi la chumba cha tano. Vifuko havikumsaidia, vilijua njia moja tu. Kwa hiyo akahesabu, kwa sauti, akigusa kila mlango kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akabisha. Nesi akafungua, akaliona boksi, akaitazama korido nyeupe huku na huku.

"Ni hapa hapa, mwanangu. Nimehesabu."

"Najua ni hapa, mzee. Mgonjwa huyu hapa, anaisubiri dawa." Akashusha sauti. "Lakini na mimi nimepewa barua ya onyo. Siwezi kusaini bila kibao."

Boksi lilikuwa katikati yao. Kisha Mzee Toroli akageuza toroli kuelekea stoo. Nyuma yake, chumba cha nane, vifuko vilikuwa vinapokelewa kimoja kimoja, bila sahihi ya mtu.