Mapigo ya Mkwe

Tabibu alikuwa na mdomo mtamu, na vidole vitatu alivyoviamini kuliko macho yake. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi aliyoisomea miaka sita, kila mwili una upepo, una moto, na una maji yaliyochanganyika na udongo. Kinachozidi ndicho kinachomtawala mtu. Ukimpa mkono, atakubonyeza penye kifundo, kidole cha kwanza kikitafuta upepo, cha pili moto, cha tatu maji na udongo, halafu akueleze mpaka unavyokoroma.

Siku mkwe wake alipokuja kujitambulisha, mzee aliudaka mkono wake pale pale mlangoni. Kijana huyo, fundi vioo, alikuwa ametoka kupanda ngazi za ghorofa nne na kreti mbili za soda, saa nane mchana, ameshiba. Mapigo yalikuwa yanaruka chini ya kidole cha pili. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba mshipa husomwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, mtu ametulia. Lakini wageni walikuwa wamejaa sebuleni, na tabibu alipenda sifa. Akatangaza, "Huyu ni moto mtupu." Watu wakacheka. Macho yalimwonyesha mabega mapana, ngozi laini ya baridi na mwendo wa taratibu, mwili wa maji na udongo waziwazi. Akayapuuza.

Kwa hiyo, baada ya harusi, binti yake alipokuja na jino limeng'oka, jibu alikuwa nalo. Ni moto umezidi. Mpe mumeo matango, mpe maziwa, mpunguzie pilipili, usimjibu akichemka. Mara ya pili alikuja na sikio lisilosikia. Baba akaongeza mafuta ya kumpaka mumewe utosini. Mkwe naye alilipenda lile neno, akatembea nalo kila mahali. "Si mimi, ni moto. Muulizeni baba mkwe."

Mara ya tatu binti alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono wa kushoto umevunjika, mfupa umeinua ngozi. Tabibu alikuwa anaufunga kwa ubao na kitambaa, mlango ulipofunguliwa kwa teke.

"Habari za asubuhi, baba," alisema mkwe. "Nimemfuata mke wangu."

"Hatoki hapa."

Mkwe hakupandisha sauti. Alimtandika mzee ngumi ya mdomo, akambamiza kwenye rafu, chupa za mafuta zikapasuka, kisha akamkaba koo kwa mkono wa kulia. Binti alimvuta shati. Akapigwa teke la tumbo, akaangukia vipande vya chupa.

Tabibu alikishika kifundo cha mkono uliomkaba. Hakukusudia, ila mazoea yana tabu: vidole vitatu vilikaa mahali pake. Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai. Mapigo yalikuja polepole, mazito, yamepangana, chini ya kidole cha tatu. Kidole cha pili hakikuhisi kitu. Mtu huyu alikuwa anaua, na damu yake imetulia kama ya mtu anayenyoa ndevu. Tabibu aliliogopa hilo kuliko alivyoogopa kufa.

Mchi wa shaba wa kutwangia dawa ukatua kisogoni mwa fundi. Ukatua tena. Binti aliushika kwa mkono wake mmoja mzima, akapiga mara ya tatu mumewe akiwa tayari chini, kifudifudi, akikoroma kwenye mafuta na damu.

"Inatosha, mwanangu."

Walikaa sakafuni. Tabibu alitema damu, akajifuta kwa mkono wa kanzu.

"Nilikosea," alisema. "Hana moto. Hajawahi kuwa nao."

Binti hakushangaa. "Najua, baba. Kabla hajanipiga huvua saa, akaiweka juu ya kabati isikwaruzike. Na mimi huniambia nivue hereni."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulikaa, mama?"

Binti alimtazama kama anayeshangaa kuulizwa.

"Wewe ndiye tabibu. Ulisema ni ugonjwa, na atapona. Nikajua macho yangu ndiyo yanayonidanganya."