Mikono ya Bwana

Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, shingo imemkakamaa, akimalizia mikono ya Yesu kwenye ukuta wa mbele ndani ya kanisa. Rangi nyeupe ilikuwa imepanda bei tena, kwa hiyo kanzu ya Bwana aliichanganyia chokaa, akaomba msamaha kimoyomoyo. Uso ulikuwa umekubali. Mikono ndiyo iliyomsumbua, mpaka alipokumbuka mikono anayoijua kuliko yote duniani, akaichora. Ilitoka vizuri hadi akajikuta anapiga mluzi.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akaingia, mtu wa suti hata siku za kazi, akatazama juu.

"Fundi, hiyo mikono imefanya nini?"

"Imefanya kazi, mzee."

"Vidole vimevimba, ngozi imepasuka. Huyu ni Mwana wa Mungu, si kibarua. Ilainishe, la sivyo kamati itatafuta mtu mwingine amalizie ukuta."

Ukuta huo ndio kazi pekee aliyoipata tangu mvua zianze. Fundi akashuka, akaanza kukoroga rangi laini ya ngozi, roho ikimuuma.

Mara mkewe akaingia na beseni kichwani. Alikuwa ametoka kufua kwa watu, na siku yake ilikuwa mbaya: tajiri yake amemwambia sabuni imekuwa ghali, kuanzia sasa aje na yake. Alikuja kulalamika. Alipoinua macho, malalamiko yote yakamtoka.

"Baba watoto," akasema taratibu, "hiyo si mikono yangu?"

Fundi akajikuna kichwa. "Ni yako."

Mwanamke akacheka, akacheka mpaka akaegemea benchi, machozi yakimtiririka. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu siku ya harusi yake.

"Mama," mwenyekiti akasema, wala hakuwa na ubaya sautini, "watu wanakuja hapa wamechoka. Wanataka kumwona Mungu katika utukufu wake, si taabu zao tena ukutani."

"Ni Mungu, mzee wangu, hapo hatubishani. Kila siku nampigia magoti. Lakini si tunafundishwa alikuja akawa mtu? Alishika randa na msumeno, akainama akawaosha wenzake miguu, tena miguu ya vumbi. Mimi nikimwambia mgongo unaniuma, nataka awe anajua mgongo ni nini."

Mwenyekiti akakohoa. "Umesema vizuri. Lakini rangi imenunuliwa na kamati. Nikirudi jioni niikute imelainishwa."

Akatoka. Fundi akarudi kwenye kopo lake, akakoroga.

"Tukiukosa ukuta huu, mama watoto, tutakula nini?"

"Tutakula tulichokuwa tunakula kabla yake." Mkewe alikuwa bado anatazama juu, kichwa amekiinamisha upande. "Ila umekosea kitu. Kovu langu la pasi liko wapi? Hapa, chini ya kidole gumba."

"Nilikusitiri."

"Unisitiri nini? Yeye mwenyewe si ana makovu ya misumari?"

Fundi akaisukuma pembeni rangi laini, akachovya brashi nyembamba kwenye kahawia, akapanda. Mkewe akaishika ngazi isiyumbe, akawa anamwelekeza, kushoto kidogo, hapo hapo, wote wawili wakicheka.

"Likoleze," akasema. "Mwenyekiti alione tangu mlangoni."