Nani Alipiga Gitaa Lile

Lebo ya santuri ilikuwa na jina moja tu: Laban. Lakini Mzee Andati wa Kaloleni alimwambia Khavere kwamba Laban aliimba tu. Gitaa alilipiga yeye Andati, mwaka wa hamsini na sita, na hakuna aliyewahi kuliandika jina lake.

Khavere alikuwa akiandika tasnifu ya historia ya muziki. Chuoni alifundishwa kwamba vyanzo vikipingana, uvilaze sambamba uvilinganishe. Basi Jumamosi moja ya mwaka 1979 akawaketisha wazee hao wawili sebuleni kwa Andati, kama karatasi mbili mezani.

"Huyu?" Laban alicheka. "Huyu alikuwa akinibebea gitaa, binti yangu. We Andati, mzee mzima unadanganya mtoto wa watu!"

"Weka santuri," Andati alimwambia Khavere.

Akaiweka. Andati akalipakata gitaa, akaifuata santuri kwa gumba na kidole kimoja, sauti kwa sauti. Hata kosa dogo lililokuwa kwenye santuri, ubeti wa pili, alilirudia palepale. Laban alikuwa akigonga chupa ya soda kwa msumari kutia mdundo, kama walivyozoea zamani. Akaacha kugonga.

"Wacha hiyo!"

Andati hakuacha. Chupa ikashuka juu ya vidole vyake, ikapasuka. Laban akapiga tena kwa shingo ya chupa iliyobaki, na tena, nyuzi zikikatika, damu ikiruka ukutani. Khavere alijitia kati. Kiwiko kikampata mdomoni, akaanguka. Mama Kageha, mkewe Andati, alitoka jikoni na stuli, akampasua Laban kichwa. Hata pale chini, Laban alitambaa kuufuata ule mkono.

"Mkinitoa kwenye santuri," alilia, "nitabaki nani?"

Hospitalini walikata vidole viwili. Andati hangeweza tena kumthibitishia mtu.

Kituoni, Khavere, mdomo umevimba, aliulizwa ugomvi ulianzia wapi. Akaeleza polepole. Askari akaandika: *Andati ndiye aliyepiga gitaa kwenye santuri. Shahidi alisikia na kuona.* Akapiga muhuri.

Khavere aliisoma taarifa hiyo mara mbili. Ilikuwa karatasi ya kwanza kusema hivyo.

"Naomba nakala, afande."

"Ya nini, dada?"

"Kuna mgonjwa anaingoja."