Theluthi ya Mwisho

Mvua ilimwagika tangu alfajiri, na mkaguzi wa njia ya kurukia ndege alikuwa amelowa chapachapa hata ndani ya koti la mpira. Wenzake walimwita Mama Rula. Walidai hata chumvi ya mboga huipima kwa rula. Alishuka garini, akachutama, akapima maji. Milimita saba. Akasogea hatua kumi, akapima tena. Saba. Akarudia mara ya tatu, saba vilevile. Theluthi ya mwisho ya njia ilikuwa bwawa.

Ndege iliyokuwa ikikaribia ilimbeba mama yake mzazi, figo zimegoma, akisindikizwa na kaka yake Mama Rula. Hospitali ilikuwa dakika kumi tu kutoka uwanjani. Ndege ikigeuzwa, ingetua mji mwingine, kisha saa sita za barabara mbovu.

Akabonyeza redio. "Mnara, pokea hali ya njia. Theluthi ya kwanza, tano. Ya kati, tano. Ya mwisho, mbili. Maji yametuama."

Namba hizo ni daraja za usalama: sita ni pakavu kabisa, sifuri, usithubutu. Kwa mbili, rubani yeyote mwenye akili timamu angegeuza.

Mwongoza ndege alijua nani yumo ndani. Asubuhi Mama Rula alikuwa amemweleza wakinywa chai. "Dada, una uhakika na hiyo ya mwisho?"

"Tano" lilikuwa neno dogo tu, na nani angejua? Akawafikiria abiria sabini, magurudumu yakielea juu ya maji, breki zisishike.

"Nimepima mara tatu," alisema. "Andika mbili."

Aliisikia ndege ikinguruma juu ya mawingu bila kuiona, kisha sauti ikafifia.

Mama alikata roho saa kumi jioni, ndani ya gari, zikiwa zimebaki kilomita tisini.

Msibani kaka yake alikataa kumpa mkono. "Wewe ndiye uliyetugeuza," alisema mbele ya watu.

"Kaka, njia ilijaa maji. Mngekufa wote."

"Safari nzima alikuwa anakuulizia. 'Mwanangu yuko wapi, si tumefika?' Ningemjibu nini?"

Wifi yake akamshika Mama Rula bega, akamwondoa pale taratibu.

Baada ya mazishi kaka alipakia watoto wake garini, akaondoka bila kuaga. Mama Rula alibaki akikunja shuka walizolalia wageni. Hawajazungumza tena.