Ngazi ya Saruji

Mimi na Mama Saruji tulianza kugombana kabla tishari halijaacha gati. Yeye alikuwa na kontena lake la saruji, na kwa kuwa hamwamini mtu, alipanda nalo safarini, na godoro lake na redio yake. Mimi ni fundi wa jenereta inayolisha kontena la baridi, lile lenye dawa za hospitali ya huko juu mtoni. Jenereta ikizima, dawa zinaharibika.

"We binti, zima hilo dude watu walale!"

"Nizime nini, mama? Kama kelele zinakukera, mto huo hapo, jitose!"

Nina mdomo, najijua.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kona moja pana ambako maji yalikuwa yamepungua. Tishari likapanda fungu la mchanga kwa mbele, likakaa kitako. Tagi, ile boti ya kutukokota, likavuta, likatoa moshi mweusi, wapi! Hatukusogea.

Jamani! Ndani ya kontena la baridi mlikuwa na insulini, na dada yangu mkubwa, mwenye kisukari, alikuwa akiisubiri. Akanipigia simu: hospitali hawana, na kichupa chake kimebakiza ya kesho tu. "Usilie bwana, mtafika," ananibembeleza yeye, mgonjwa! Na kuitoa dawa ipelekwe kwa mtumbwi haikuwezekana. Makontena yale yalipangwa milango ikitazamana, imebanana, ili mwizi asipenyeze hata kidole. Ni mpaka kreni ya bandarini iyanyanyue.

Nahodha akakuna kichwa. "Huku mbele pangepungua uzito, tungenasuka. Lakini kontena la mtu lina lakiri. Halifunguliwi bila mwenyewe."

Lililokuwa na mlango usiobanwa kule mbele lilikuwa moja tu, la Mama Saruji. Na wingu lilikuwa limeshatanda. Saruji na mvua, nani asiyejua? Sasa nani angemwomba? Mimi, niliyemwambia ajitose?

Akaja mwenyewe. "Uliyekuwa unamlilia kwenye simu ni nani?"

"Dada yangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja. Mama alifariki mimi bado nanyonya. Dada ndiye aliyenilea."

Alikwenda kwa nahodha, akarudi na koleo kubwa, akaikata lakiri ya kontena lake.

"Mama, mvua ile," nikasema.

"Nimeiona. Nina macho. Beba!"

Tukabeba. Mabaharia, nahodha, mimi, na yeye mwenyewe, mifuko mabegani kutoka mbele hadi nyuma kabisa. Mvua ikatukuta katikati ya kazi, na turubai moja tulilokuwa nalo halikufua dafu. Niliiona mifuko inalowa, nikashindwa kujizuia kumwangalia.

"Mnanitazama nini, nimekufa? Bebeni!"

Mwishowe nyuma pakazama kidogo, mbele pakanyanyuka, tagi likavuta, na mchanga ukatuachia. Nilimrukia mama wa watu nikamkumbatia, huku nalia kama mtoto. Akanisukuma. "Niache bwana, unanuka dizeli."

Dada yangu aliipata dawa. Yuko hai, ananisema kila siku kwamba sili vizuri. Nikilala nashukuru, nikiamka nashukuru, na bado naona sijashukuru.

Saruji iliyolowa iligeuka mawe. Mama Saruji hatupi kitu: aliwaamuru wachukuzi waipange pale gatini tulikofika, penye utelezi, mfuko juu ya mfuko, ikawa ngazi ya kupandia kutoka majini hadi barabarani. Mali yake yote ile, watu wanaikanyaga. Dada alikwenda dukani kwake, pale juu ya gati, kumshukuru, akapewa soda na kufukuzwa, eti anazuia wateja.

Basi kila tishari letu linapofika, dada hushuka kunipokea kwa ngazi ile, viatu mkononi. Nilimuuliza sababu.

"Nitaikanyagaje na matope?" akanijibu. "Si ndiyo iliyonileta mpaka leo?"

Na kila mara, kutoka dukani kule juu, sauti hufoka mpaka mabaharia wanacheka:

"We mwanamke, vaa viatu! Mwenye sukari hatembei pekupeku! Ukijikata mguu, nitakuwa nimelowesha saruji yangu bure!"