Matone ya Jogoo

Siku Okemwa alipozikwa, mkewe Bitutu hakutoa chozi. Alitaka sana kulia. Lakini macho yaliwasha kana kwamba yametiwa mchanga, yakabaki makavu. Wanawake wa kijiji chao cha Manga waliokuja kuomboleza naye walimtazama, kisha wakatazamana. Tangu siku hiyo wakawa wakimpita njiani bila kusimama. Hata Phanice, dada ya marehemu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo tu ya migomba, aliacha kuja kuomba chumvi.

Bitutu akabaki na redio, na simu ya binti yake Lavender aliyeolewa Mombasa.

"Mama, hayo macho nenda yakaonwe," Lavender akamwambia siku alipoelezwa yanavyowasha.

Akashuka mjini Kisii. Daktari alimwekea vikaratasi vya kupimia machozi chini ya kope, akamwambia ana ugonjwa wa macho makavu, na huenda ameishi nao miaka mingi, akamwandikia dawa ya matone. Kwenye duka la dawa Bitutu, Msabato wa kuzaliwa asiyegusa nguruwe, alikuwa na swali moja.

"Haina nguruwe?"

Muuza dawa akakunjua karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti, akasoma.

"Hapana, mama. Hii wameitoa kwenye upanga wa jogoo, kile kishungi chekundu cha kichwani. Kina ute unaoshika maji. Zipo nyingine zisizotoka kwa mnyama, lakini hapa sina."

"Jogoo hana neno," Bitutu akasema.

Kesho yake mchana alikaa kizingitini, akainua uso, akadondosha dawa. Aliibonyeza chupa kupita kiasi, matone yakazidi, yakamtiririka mashavuni. Ndivyo Phanice alivyomkuta, alipokuja kuchukua ungo wake uliokuwa umekaa pale tangu matanga.

"Wifi! Jamani, unalia?"

Akapiga magoti, akamkumbatia. Phanice alinuka moshi na majani ya chai. Bitutu hakukumbuka ni lini mtu alikuwa amemgusa mara ya mwisho. Angenyamaza tu, na maneno ya watu yangekwisha. Akafumba macho, akakaa mle mikononi kidogo.

"Si machozi, Phanice," akasema. "Ni dawa. Macho yangu yanaumwa, hayatoi machozi. Hata siku ile hayakuweza."

Mikono ya Phanice ikalegea. Akaichukua ile chupa, akaigeuzageuza.

"Tulisema mengi juu yako."

"Niliyasikia."

"Mbona hukutuambia?"

"Mimi mwenyewe nilidhani moyo wangu una kasoro."

Phanice alimrudishia chupa. Akachukua ungo. Penye ua alisimama kama anayetaka kurudi, kisha akaendelea na njia.

Sabato iliyofuata Phanice alimpa Bitutu mkono mlangoni mwa kanisa, watu wote wakiona, halafu akaenda kukaa na wenzake. Bitutu akakaa kwenye benchi alilozoea kukaa na mumewe. Wimbo ulipoanza aliimba sauti ya pili, na kando yake hapakuwa na besi, ile sauti nzito ya Okemwa.